Nilivyochagua Ugavi

Vijana wa stoo waliponiaga walinipa kitenge, kiti cha kukunja na maneno mengi mazuri. Kitenge nimeshashona. Kwenye maneno walikosea mahali pamoja tu: walinitaja kama mtaalamu wa kompyuta. Mimi sikuwahi kuwa mtaalamu wa kompyuta. Kompyuta ikigoma nilikuwa naizima na kuiwasha kama mtu mwingine yeyote, na ikigoma tena naita fundi. Nilikuwa mtu wa ugavi. Niliuchagua ugavi nikiwa na umri wa kuitwa bibi, darasani, katikati ya watu walioniona nimepotea njia, na kwa kuwa nyie mliobaki stoo kila mara mnaniuliza mkasomee nini, nimeona niandike ilivyokuwa. Vyeo na mishahara navipita. Vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Nilianza kazi Mpanda wakati bado tuko mkoa wa Rukwa na kila karatasi yenye uzito inatoka Sumbawanga. Dawa nyingi zilitufikia kwa treni ya kutoka Tabora. Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Nestori, mtunza stoo wa hospitali, Mfipa mmoja mrefu aliyevaa koti la kazi lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Hakuniuliza cheti. Alinipa fagio.

Nikafagia stoo nzima. Nilipomaliza akaniambia nifagie tena, safari hii nikiangalia.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Vumbi, mzee."

"Na nini tena?"

"Mavi ya panya."

"Upande gani?"

"Kule kwenye dripu."

"Haya. Sasa umeanza kazi."

Mzee Nestori alinifundisha kuweka viganja kwenye katoni na kujua kama limevuta unyevu. Alinifundisha kupanga mzigo juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite na panya aonekane. Kuhusu tarehe za kuisha muda wa dawa alikuwa na sheria yake: "Inayokufa kwanza itoke kwanza." Ukipanga boksi jipya mbele ya la zamani alikuwa anakuita bwana harusi, yaani mtu anayeweka kipya mbele na kusahau vilivyomlea. Mimi, mwanamke, niliitwa bwana harusi mwezi mzima. Mpaka leo nikiingia duka lolote mkono wangu unaenda wenyewe kwenye boksi la nyuma.

Kompyuta ya kwanza ilipokuja stoo ilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kuwekea juu ya redio, na ikakaa hivyo muda mrefu. Mzee Nestori aliifunua siku moja, akaitazama, akasema, "Televisheni hii haina chaneli," akaifunika tena. Mimi nilikwenda kujifunza jioni parokiani, ambako padri mmoja alikuwa anafundisha kuchapa. Baadaye nikasoma stashahada, kisha shahada ya kwanza kwa masafa, vitabu vikiwa jikoni kati ya sufuria na chumvi. Mume wangu, Baba Pendo, ni mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa ananisahihishia insha zangu kwa kalamu nyekundu kama mtoto wa darasa la tano. Nilivumilia.

Mzee Nestori alipostaafu alinikabidhi funguo. Hakutoa hotuba. Alisema, "Paa linavuja pale kwenye glovu," akaondoka. Na kweli lilikuwa linavuja.

Kesi iliyonipeleka chuoni ilikuja miaka mingi baada ya hapo, msimu wa mvua, Katavi ikiwa imeshakuwa mkoa. Stoo yetu wakati huo ilihudumia zahanati za vijijini pia. Mkulima mmoja wa Sibwesa, Msukuma, jina lake Masunga, alimleta binti yake mdogo, Kabula, akiwa na malaria kali. Alimfunga mgongoni kwa shuka, akapanda pikipiki kwenye ile barabara ya matope mpaka Mpanda. Mtoto alipolazwa na kuchomwa sindano, Masunga alikuja kwenye dirisha la stoo. Viatu vyake vilikuwa tope tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nyie ndio mnagawa dawa?"

"Ndio sisi."

"Kwetu pale Sibwesa waliniambia sindano zimeisha. Hapa nimezikuta. Nauliza tu, mama, sigombani. Zilikuwa hapa siku zote?"

Nikamwambia zilikuwepo.

"Siku zote?"

"Siku zote, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema asante, akarudi wodini. Angenitukana ningejua la kujibu.

Kabula alipona homa. Masikio hayakupona. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani kabla hajafikishwa, na yule mtoto hakusikia tena. Haikupita muda mrefu nikaletewa boksi la sindano zile zile, limerudishwa kutoka zahanati moja ya upande wa Kibaoni, muda wake umeisha, halijafunguliwa hata gundi.

Niliweka lile boksi mezani nikaanza kumtafuta aliyekosea. Niliwapigia simu Sibwesa: waliagiza kwa wakati, kila robo mwaka, kama utaratibu unavyosema. Sisi stoo tulitoa kilichoagizwa. Wale wa upande wa Kibaoni walipelekewa nyingi kwa sababu msimu uliotangulia walitumia nyingi. Nilizunguka na kuzunguka nikarudi pale pale. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na mtoto wa watu amekuwa kiziwi. Hapo nikaelewa kwamba kuna ugonjwa usiokaa ndani ya mtu yeyote. Unakaa katikati ya watu, pale ambapo mmoja hajui mwenzake ana nini. Ugonjwa huo nilitaka kuusomea, ila sikujua unaitwaje.

Ndipo nikaomba ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili ya mifumo ya habari za biashara. Daktari mkuu wetu wa wakati ule, mtu niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, aliniunga mkono kikaoni. Alisema mkoa hauna mtu wa usalama wa mifumo, kwamba wezi wa mitandao wameenea, na kwamba Mama Pendo akirudi atatulinda. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa sababu ruhusa ilikuwa inapita.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, na mkubwa kuliko baadhi ya walimu. Chumbani hosteli nilikaa na Rehema, binti wa Dar aliyefanya kazi benki, rika la Pendo wangu. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo na kunibebea begi. Siku ya pili alikuwa ananifundisha kupanga kanuni kwenye jedwali la kompyuta, na ndani ya wiki alikuwa ananigombeza. Tulielewana sana.

Muhula wa kwanza wote tulisoma pamoja. Mwisho wake kila mtu alitakiwa kuchagua mchepuo atakaobobea, na kabla ya kuchagua, walimu wa michepuo walikuja mmoja mmoja kujinadi. Mwalimu wa usalama alikuja na viatu vinavyong'aa, akatuonyesha kwenye ukuta namna mtu anavyoweza kuingia kwenye simu yako ukiwa umekaa nayo. Wengine wakazima simu. Mwalimu wa uchambuzi wa data alitaja benki na kampuni za simu zinazowagombania wahitimu wake. Rehema alinikanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu wa biashara mtandaoni alikuwa kijana sana, tukampenda.

Wa mwisho alikuwa Dk. Mwaipopo, mzee wa mifumo ya ugavi. Aliingia na chaki ingawa chumba hakikuwa na ubao wa chaki. Akaitazama ile chaki, akairudisha mfukoni.

"Mimi sina picha," akasema. "Ugavi ni swali moja. Kitu kiko wapi, na kinatakiwa wapi? Ukiweza kulijibu hilo kabla mhitaji hajauliza, umehitimu. Asanteni."

Akatoka. Watu wakacheka. Mimi niligundua kwamba nimeandika swali lile na kulipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama," Rehema akaniambia tukiwa tunakula, "usiniambie unaenda kwa yule babu."

"Nafikiria."

"Ugavi ni kuhesabu maboksi! Si ndiyo kazi uliyoikimbia huko kwenu?"

"Sikuikimbia."

"Njoo data, mama yangu, tule maisha. Mtu aliyesoma data anachagua kazi. Aliyesoma ugavi anachaguliwa stoo."

Nilimwelewa. Nikaendelea kula wali wangu. Kesho yake mchana nikampigia daktari mkuu, kwa sababu sikutaka asikie kwa watu.

"Daktari, nafikiria mchepuo wa ugavi."

"Mama Pendo, sisi tulikuruhusu ukasomee usalama."

"Mliniruhusu nikasome, daktari. Usalama ulitajwa kikaoni."

"Kuna tofauti gani?"

"Ipo, daktari. Mnataka mtu wa kulinda mfumo. Sisi hatuna mfumo wa kulinda. Mwizi akiingia kwetu ataondoka na huzuni."

Nilisikia anataka kucheka, akajizuia, maana yeye ndiye bosi. "Nikwambie ukweli," akasema. "Ukirudi na usalama, nina ofisi na nina nafasi. Ukirudi na ugavi, unarudi stoo, ulipokuwa. Sitaweza kukutetea. Fikiria umri wako."

Nilikuwa nimeshaufikiria. Nilikuwa na miaka michache tu ya kazi iliyobaki, na nilikuwa nimemwacha mume peke yake na kuku. Nikampigia Baba Pendo. Nilimweleza yote, ofisi, nafasi, stoo, umri. Akanisikiliza kama anavyosikiliza mtoto aliyesahau daftari nyumbani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Sasa niambie jambo moja. Ukipewa ile ofisi, ukakaa humo na kiyoyozi, yule baba wa Sibwesa akija dirishani tena, atakukuta?"

"Hatanikuta."

"Basi swali la nini?" Kisha akaongeza kwamba kuku wamezidi, nisiwe na wasiwasi nao.

Nilijaza ugavi. Nikadhani nimemaliza, kumbe ndiyo naanza. Mkuu wa idara aliniita na kunieleza kwa upole kwamba mchepuo wa ugavi mwaka huo haungefunguliwa. Tuliojiandikisha tulikuwa wachache mno, na chuo hakiwezi kumlipa mwalimu afundishe watu wanaoenea kwenye benchi moja. Akanishauri nichague mwingine kabla ya Ijumaa.

"Wakiongezeka?" nikauliza.

"Wakiongezeka, sawa. Ila mama, sioni wanakotoka."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kimya, ile ambayo watu wa kwetu wanaiita ya maji ya kina. Asubuhi iliyofuata, mwalimu wa kwanza kabla hajaingia, nikasimama mbele ya darasa. Nimeshasimama mbele ya wakaguzi, mbele ya wakuu wa wilaya, lakini darasa lile niliwaogopa zaidi.

"Wanangu na wenzangu," nikasema, "naombeni muda kidogo."

Nikawasimulia habari ya Masunga na Kabula. Sikuipamba. Nilisema sindano zilikuwa wapi, zilitakiwa wapi, na kilichotokea katikati. Nikasema ninataka kusoma hiyo katikati, na kwamba mlango wake unafungwa Ijumaa kwa sababu tuko wachache. "Simwambii mtu aache anachokitaka," nikamalizia. "Lakini kama kuna mtu humu ambaye kazini kwake amewahi kumwambia mteja hakuna, kumbe kipo, huyo ni mwenzangu."

Wa kwanza kujibu alikuwa Hamisi, mwanamume wa Kigoma aliyesimamia ghala la mizigo ya ziwani. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kusinzia.

"Mimi nimemwambia mtu hivyo," akasema. "Na si mara moja. Mwili wangu ulishajaza data, ngoja moyo ukabadilishe."

Watu wakacheka, ila kicheko kilikuwa kimelainika. Akasimama dada mmoja aliyekuwa kwenye kampuni ya mbegu, akasema wakulima wao hupata mbegu mvua ikiwa imekwisha. Wakafuata wengine. Mwisho akasimama Rehema, nikajua ataniaibisha.

"Mimi siendi," akasema. "Mimi ni wa data na nitakufa wa data. Ila yeyote humu anayefanya kazi kwenye ghala na amejaza data kwa sababu ya kunifuata mimi, naomba aende na mama. Mnanijazia nafasi."

Mchepuo ukafunguliwa. Dk. Mwaipopo alipoingia kipindi cha kwanza na kutukuta tumejaa, alirudi nje kusoma namba ya mlango.

Sitawadanganya kwamba masomo yalikuwa mepesi. Hesabu za kukadiria mahitaji zilinitesa. Hamisi alikuwa anazielewa haraka na kuzisahau haraka. Mimi zilinichukua muda, lakini zikiingia hazitoki, kwa hiyo tulisaidiana. Nilijifunza kwamba alichokuwa anakisema Mzee Nestori kuhusu kinachokufa kwanza kina jina, na vitabu, na mabishano ya maprofesa. Nilijifunza kwamba akiba ya tahadhari haikadiriwi kwa woga. Inapigiwa hesabu kwa muda wa njiani na kwa kuyumba kwa matumizi. Barabara inayokatika masika inaweza kuwekwa kwenye hesabu kama namba nyingine yoyote. Siku nilipoipata hesabu hiyo vizuri kwa mara ya kwanza nilitoka nje ya maktaba nikatembea peke yangu, maana nilikuwa natabasamu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Utafiti wangu niliurudisha nyumbani. Nilitaka mfumo ambao zahanati zitatoa taarifa za dawa kila wiki badala ya kila robo mwaka. Nilikwenda Kasekese, kwa Leokadia, muuguzi aliyekuwa mfawidhi wa zahanati, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Nikamweleza mpango wangu: kila dawa ina namba yake, anatuma namba na idadi kwa simu ya kitochi, basi.

"Mtandao uko wapi kwanza, mama?" akaniuliza.

Akanipeleka nyuma ya zahanati kwenye kichuguu kikubwa. Akapanda juu, akanyoosha mkono wenye simu. "Uko hapa," akasema. "Jioni jioni. Ukikuta mbuzi wamepanda kabla yako, unasubiri."

Na mimi nikapanda. Ni kweli, vidoti viwili.

"Na hizo namba," akaendelea akiwa juu kule, "mimi nikikosea moja nitaletewa kondomu badala ya dripu. Niache niandike DRIPU."

Tukakaa chini tukaupanga upya pamoja, yeye akijua zahanati na mimi nikijua stoo. Ujumbe unaandikwa mchana kwa maneno mafupi, unakaa ndani ya simu, mtu akipita kwenye kichuguu unaondoka. Kule stoo kompyuta inapokea, inalinganisha, na inaonyesha nani anakaribia kuishiwa na nani anazo za kumwazima. Programu yenyewe aliiandika Rehema mwisho wa wiki kwa malipo ya mchele wa Mpimbwe, na alilalamika muda wote kwamba data zangu ni chafu. Dk. Mwaipopo aliisoma tasnifu yangu akaandika pembeni, mahali nilipoeleza habari ya kichuguu: "Hii ndiyo miundombinu." Nilipita vizuri. Baba Pendo alikuja kwenye mahafali na suti ya harusi yetu. Vifungo vilikataa, akaiacha wazi.

Nikarudi Mpanda, na daktari mkuu alitimiza neno lake. Nilirudi stoo. Alinipa meza pembeni ya mashine za kupima presha zilizoharibika, na ruhusa ya kujaribu mfumo kwenye zahanati chache, "usivuruge utaratibu." Sibwesa ilikuwemo, Kasekese ilikuwemo, na baadhi ya zile za upande wa Kibaoni. Miezi ya mwanzo ujumbe ulikuwa unakuja umechapia. Mtu mmoja alituma salamu za Pasaka, kompyuta ikazisoma kama upungufu. Tulirekebisha.

Kisha zikaja mvua. Mvua zilikuwa bado hazijakaza nilipoona kwenye kompyuta kwamba dawa ya malaria Kasekese inashuka haraka kuliko kawaida. Zahanati nyingine ng'ambo ya mto ilikuwa na za kutosha, matumizi yake madogo. Nikapiga hesabu ya njia, nikairudia, nikamwonyesha Hamisi kwa simu, akasema iko sawa. Nikaenda kwa daktari mkuu na karatasi ya kuhamisha dawa.

Akaisoma. "Kasekese wameomba?"

"Hawajaomba, daktari."

"Nani ameomba?"

"Hakuna. Wataomba wiki ijayo. Na wiki ijayo barabara haipo."

"Unanitaka niichukue dawa ya zahanati moja niipeleke nyingine, bila mtu yeyote kuomba, kwa sababu ya kompyuta yako."

"Kwa sababu ya hesabu, daktari. Kompyuta naweza kuizima, hesabu itabaki pale pale."

Alisimama dirishani akatazama mbingu. Ilikuwa nyeupe, bila wingu la maana, na nikajisemea kimoyomoyo, mvua nayo ingechagua siku nyingine ya kupumzika. Alikuwa anaweka jina lake, na dawa ikikosekana kule ilikotoka angelaumiwa yeye, si mimi. Hilo lazima niliseme kwa haki.

"Mama Pendo," akasema bila kugeuka, "una uhakika kiasi gani?"

"Kiasi cha kurudi stoo, daktari."

Safari hii alicheka kabisa. Akaja mezani akasaini.

Gari lilikwenda mchana ule ule, likahamisha, likarudi. Mvua ikaja baada ya siku chache, ikanyesha kama imetumwa. Mto ukapanda, daraja likazama, Kasekese ikawa kisiwa. Nilikaa na simu mkononi nikijitia kupanga maboksi. Watoto wenye homa walikuwa wanaongezeka huko, nilijua, maana hesabu ndivyo ilivyosema, na kwa mara ya kwanza nilitamani niwe nimekosea.

Leokadia alipiga mwenyewe. Sauti ilikuwa inakatika, upepo unavuma, nikajua yuko juu ya kichuguu.

"Mama! Huku hapapitiki kabisa!"

"Najua! Watoto?"

"Wengi! Wamejaa mpaka barazani!" Sauti ikapotea, kisha ikarudi. "Lakini dawa ipo, mama! Ipo! Wote wanatibiwa hapa hapa!"

Niliketi kwenye katoni la pamba. Mzee Nestori hakuruhusu mtu kukalia katoni, na mimi sikumruhusu mtu kabla wala baada. Siku ile nilikalia.

Maji yalipopungua daktari mkuu alikwenda Kasekese mwenyewe. Sijui Leokadia alimwambia nini. Aliporudi aliita kikao, akaniomba nieleze mfumo mbele ya wote, na nilipomaliza akasimama. Alisema kwamba alitaka mlinzi wa mlango wakati nyumba yenyewe haijajengwa, na kwamba kuanzia siku hiyo zahanati zote zinaingia kwenye mfumo. Mtu mkubwa kusema vile mbele ya walio chini yake si jambo dogo. Tangu hapo kila alipomruhusu mtumishi kwenda kusoma alimwambia achague mchepuo mwenyewe, ila arudi na sababu.

Miaka yangu iliyobaki ilikuwa ya kazi nyingi na nzuri. Tulitembea Sibwesa, Kibaoni, mpaka vijiji vya ziwani, tukifundisha watu kuandika DRIPU. Dawa zilizoisha muda zikawa chache mpaka kijana wa kuziteketeza akalalamika kwamba tanuru linapata kutu. Nilifurahia sana lalamiko lile.

Halafu akaja Zawadi, mliyemzoea nyie, na shahada yake mpya na simu yake kubwa. Minara ya simu ilikuwa imeshaenea, na vichuguu vimeachiwa mbuzi. Miezi michache kabla sijastaafu alikuja mezani kwangu, akasimama kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Shikamoo mama. Naomba niseme, na usinichukie."

"Marahaba. Sema."

"Mfumo wako wa ujumbe umezeeka. Nimetengeneza mwingine. Unaonyesha papo hapo, kila dawa ikitoka tu. Nimeujaribu, haujakosea."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Nilimuuliza maswali magumu yote niliyoyajua, na mengine niliyatunga pale pale. Alijibu. Moja hakulijua, akasema hajui, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Sasa unangoja nini?" nikamwambia. "Uzime wa kwangu."

"Nauzimaje, mama, na wewe upo?"

"Nikiwa nimeondoka nani atakueleza kilichoharibika? Zima."

Hakuweza. Basi nikasogea nikauzima mwenyewe, ule mfumo wangu wa kichuguu, na Zawadi akawasha wa kwake. Kioo kilikaa cheusi kidogo. Kisha zahanati zikaanza kujitokeza moja moja, Kibaoni, Kasekese, Sibwesa, na nyingine ambazo mimi niliziacha nje kwa kukosa mtandao. Nilivaa miwani nikasoma kutoka juu mpaka chini, bila haraka, kidole kwenye kioo.

Zote zilikuwa na dawa. Nikachukua mkoba wangu nikaenda kunywa chai.